Gari Langu Lilikuwa Bado Linaishi Japani

Kila anayetaka kununua gari la umeme hapa Nairobi huuliza betri. Linakwenda kilomita ngapi, linachajiwa wapi, betri ikichoka ni pesa ngapi. Mimi niliyauliza hayo yote mara tatu tatu na majibu nikayaandika daftarini. Skrini iliyo katikati ya dashibodi sikuiuliza hata neno. Niliiona kwenye yadi inawaka, ina maandishi ya Kijapani, nikasema moyoni hiyo si kitu, itabadilishwa lugha kama simu. Kijana aliyekuwa akiniuzia alisema vivyo hivyo, na nadhani mwenyewe aliamini.

Haibadiliki. Nililijua hilo baada ya kulipa shilingi milioni 1.95. Magari haya ya mtumba tunaletewa kutoka Japani kwa kuwa usukani wao uko kulia kama wetu, na sheria yetu inakubali gari lisilozidi miaka 8. Langu ni la 2018, dogo, jeupe, kimya kama paka. Lakini lilitengenezwa lihudumie Wajapani huko kwao, na skrini yake haikuwekewa lugha nyingine. Jioni ya kwanza, Juni 2024, nilikaa ndani ya gari hapa South C nikibonyeza kila kilichobonyezeka mpaka muadhini akaadhini Isha. Kiingereza hakikutokea, sembuse Kiswahili.

Gari langu la zamani lilikuwa na redio yenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha sauti, kimoja cha stesheni. Miaka kumi na moja sikuwahi kufungua kitabu chake. Kwa hiyo msinicheke sana kwa yanayofuata.

Asubuhi, ukiwasha gari, mwanamke anasema. Sauti laini, yenye adabu, sentensi moja, kisha kimya. Wiki nzima nilikuwa namjibu "wa alaikumu salaam" kwa mzaha. Jirani yangu mwenye teksi ndiye aliyenifungua macho: mama huyo anasema kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa Japani wa kulipia barabara zao za mwendo wa kasi, na magari mengi ya huko yana kisanduku chake, mara nyingi kimefichwa kwenye droo ya mbele au chini ya usukani. Waliozoea magari ya Japani wameshaacha hata kumsikia.

Nami nikajitia ujanja. Nairobi Expressway, barabara yetu ya juu ya kulipia, si ina njia zilizoandikwa ETC? Nikaona Mungu kanipa kifaa bure. Nikaingia njia hiyo pale Capital Centre nikiwa na uso wa mtu aliyelipa. Kizuizi hakikuinuka. Nyuma yangu wakajipanga watatu, wanne, watano, honi kama harusi. Mhudumu akaja, akainama dirishani, akasikia nikimweleza habari za Japani, akanitazama kwa huruma. "Mama, hiyo ni ya kwao. Hapa unajisajili upate ya hapa." Ilibidi wale watano warudi nyuma ndipo nami nitoke. Kisanduku kile nilikuja kuchomolewa na fundi kwa dakika mbili, bila malipo. Sauti ikaisha. Siku mbili tatu nilimkosa.

Redio ilinikera zaidi, kwa sababu mimi ni mtu wa redio. Japani masafa ya FM yanaanzia 76, na nyingi ya redio zao za zamani huishia 90. Sisi huku tunaanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo kati ya stesheni zote za Nairobi, yangu ilikuwa ikishika kipande kidogo cha mwanzo, na kingine chote mvumo. Dawa yake ni kifaa kidogo kinachoungwa kwenye waya wa antena, kinachoshusha masafa. Nililipa shilingi 1,200 pamoja na kuwekewa. Changu kinashusha kwa 20, kwa hiyo Radio Citizen, ambayo Nairobi iko 106.7, mimi naitafuta 86.7, na Radio Jambo ya 97.5 iko 77.5. Ila ujue kwamba kinachoshushwa ni chote: stesheni zilizo chini ya 96 zinaanguka nje ya redio kabisa. Uliza kifaa kinashusha ngapi kabla hujalipa, na umwambie fundi stesheni unazozipenda ni zipi. Mimi sikuuliza, nikabahatika tu.

Ramani sina la kusema. Mshale ulikuwa umesimama katikati ya rangi tupu, hakuna barabara wala jina. Gari lilijua liko mahali, lakini mahali penyewe halikuwa napo kichwani. Simu kwenye kishikio cha shilingi 600 imemaliza kazi hiyo.

Saa ndiyo iliyonichekesha. Natoka nyumbani saa moja asubuhi, skrini inaandika 1:00. Natazama simu: 7:00. Nafika kazini saa mbili kasorobo, skrini 1:45. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimekua nikihesabu saa kwa Kiswahili, nikaona basi, Wajapani wameniletea saa yetu. Kumbe ni hesabu tu. Japani wako mbele yetu kwa saa sita kamili, na saa ya Kiswahili iko nyuma ya ile ya kizungu kwa saa sita. Kwenye uso wa saa wenye namba kumi na mbili, sita mbele na sita nyuma hukutana pale pale. Nilijaribu kuirekebisha, nikaiweka 7:00, kesho yake imerudi kwao. Inachukua wakati kutoka satelaiti, kisha inaongeza saa 9 za Tokyo badala ya 3 zetu. Nikaiacha. Hilo la kuiacha mkumbuke, nitalirudia.

Binti yangu Salma ndiye aliyeniwekea Google Tafsiri: unaelekeza kamera ya simu kwenye skrini, maandishi ya Kijapani yanageuka mbele ya macho yako. Pakua Kijapani ndani ya simu mapema, usitegemee bando, maana maegesho mengi ya chini hayana mtandao. Na uipige picha kila kurasa ya menyu kabla hujabadilisha kitu chochote. Hili la picha naliandika kwa uchungu, mtaona.

Nikakaa siku ya Jumapili nikitafsiri. Mengine yalieleweka: sauti, mwanga, kamera ya nyuma, mpangilio wa kuchaji. Mengine yalikuwa vichekesho. Palikuwa na moja, limewekewa alama ya kijani kuonyesha linafanya kazi, simu ikaniandikia: "Kiyoyozi kabla ya kupanda."

Kupanda nini? Mahindi hayapandwi kwa kiyoyozi. Nikafikiri, nikaona ni kupanda mlima. Mantiki ilikuwepo: gari la umeme likipanda hula chaji sana, ukitoka hapa mjini kwenda Limuru unaona asilimia zinavyoporomoka, na ukirudi unateremka nyingine zinarudi. Nikasema Wajapani ni watu wa milima, lazima hii ni ya kupoza betri kabla ya mwinuko mkali. Nikaiacha ilivyo. Nilijiona nimeanza kuwa mtaalamu.

Katikati ya Julai, Nairobi ikiwa baridi ile ya kuvaa sweta mbili, mzee anayelinda lango letu alinisimamisha asubuhi. Si mtu wa maneno. Alikuja mpaka dirishani, akatazama gari, akatazama pembeni.

"Mama Salma, hili gari lako huamka usiku."

"Huamka vipi, mzee?"

"Haliondoki. Linapumua tu. Saa sita ikipita kidogo, linaanza, fuuu, kama feni. Saa sita na nusu linanyamaza."

"Kila siku?"

Akafikiri. "Hapana. Jumamosi na Jumapili hulala."

Nilimpigia mama yangu Mombasa, kosa la kwanza. Akanambia gari la mtu hulijui limembeba nani, fukiza ubani. Nikafukiza. Siti zikanukia wiki mbili. Lakini kweli nilikuwa nimeona jambo ambalo nilikuwa nalikataa: naegesha jioni betri ina asilimia 81, asubuhi ina 78. Nilidhani ni baridi. Nikaanza kuota ile bili ya betri niliyoiandika daftarini.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lenye gharama. Nilijisemea tatizo ni hiki kioo nisichokielewa. Kitoke, kije kingine cha Android ninachokisoma, na jini litoke nacho. Nikateremka Luthuli Avenue, ambako vioo hivyo vimepangwa madukani kama televisheni, nikanunua cha shilingi 32,000, nikaelekezwa kwa fundi kule Kirinyaga Road, Grogan kama wanavyoiita wenyewe. Kijana mchangamfu. "Mathe, hii ni kazi ya nusu saa, elfu nne tu." Nikamuuliza kama amewahi kufungua gari la umeme. Akasema gari ni gari.

Nusu saa ilikuwa saa tatu. Kioo kilipendeza, sikatai. Kikubwa, Kiingereza kitupu, simu yangu ikaungana nacho, nikaimba mpaka nyumbani. Kesho yake nikarudisha gari nyuma na kamera haikuwaka, nikaigonga ndoo ya maua ya mwenye nyumba. Picha ya kamera zile ilikuwa ikipita kwenye skrini ya zamani, na kijana hakuwa na waya wa kuiunga na mpya. Ukurasa wa matumizi ya stima haukuwepo tena. Mpangilio wa kuchaji haukuwepo. Fundi akaniuliza kwenye simu, "Kwani hizo ulikuwa unazitumia?"

Na usiku ule, saa sita na dakika kumi na kitu, mzee alinipigia simu ili nisikie mwenyewe. Fuuu.

Sikulielewa hilo wakati ule. Skrini ni dirisha tu. Mipangilio mingi inakaa kwenye kompyuta za gari lenyewe, ukiling'oa dirisha umebaki nayo ndani na huna pa kuifikia. Nilikuwa nimelifungia jini nje ya uwezo wangu.

Kulikuwa na jambo jingine na kioo kile kipya, ambalo nalitaja kwa haraka ingawa ndilo lililokuwa karibu kuniua. Kila kitu chake kilikuwa cha kugusa, hata sauti. Kitufe unakipapasa, kidole kinajua kiko wapi. Kioo lazima ukitazame. Karibu na Bellevue nilikuwa natafuta pa kupunguza sauti ili nipokee simu, nikainua macho, mkokoteni wa mitungi ya maji uko mbele yangu hatua tano. Breki zilishika. Mwenye mkokoteni hakutukana, alinitazama tu, na hilo liliuma zaidi. Baadaye nilisoma kwamba jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilifanya jaribio mwaka 2022: dereva apewe kazi chache za kawaida, za redio, joto na taa, gari likienda kilomita 110 kwa saa. Volvo ya 2005 yenye vitufe ilimaliza kwa sekunde 10, kama mita 300. Gari la skrini lililokuwa la mwisho lilichukua karibu sekunde 45, zaidi ya kilomita moja na robo. Mimi sikuwa hata nimefika kilomita 40 kwa saa.

Agosti tulikuwa na harusi Lamu. Niliacha gari uwanja wa ndege wa Wilson Ijumaa asubuhi, betri asilimia 71, nikarudi Jumapili jioni na mjomba wangu, sanduku la halua, na kikapu cha samaki aliyekaushwa ambacho rubani alikitazama kwa jicho. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha. Nikabonyeza ufunguo. Kimya. Nikabonyeza tena, nikaukaribisha mlangoni, nikaupuliza kama vile kupuliza kuna msaada. Gari lilikuwa limekufa.

"Si ulisema halitumii mafuta?" mjomba akauliza.

Gari la umeme lina betri mbili. Kuna ile kubwa, ya kuendeshea, na kuna ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote, ambayo ndiyo inayofungua milango, inayoamsha kompyuta na kuruhusu ile kubwa kuungana. Ndogo ikifa, kubwa inaweza kuwa imejaa na huna gari. Na ndogo huchajiwa na kubwa hasa gari likiwa limewashwa kikamilifu, ile taa ya READY ikiwa imewaka. Ukikaa kwenye maegesho unasikiliza redio bila READY, unainywa ile ndogo.

Mimi sikuwa nimekaa kusikiliza chochote. Kioo kipya kina waya wa njano, ambao una stima wakati wote ili kisisahau mipangilio, na waya mwekundu, ambao hupata stima gari likiwashwa tu, ndio unaokiambia amka, lala. Kijana wa Grogan aliunga zote mbili pamoja kwenye stima ya kudumu. Kioo hakikulala tangu siku kilipowekwa. Nilipokuwa naendesha kila siku, betri ndogo ilikuwa ikijazwa na siku zikapita. Siku mbili na nusu za Wilson zikaimaliza.

Ndani ya kile kidude cha plastiki unachokiita ufunguo kuna ufunguo wa chuma umechomekwa. Utoe leo, uujaribu mlangoni ungali nyumbani. Mimi nilioneshwa na dereva wa Probox aliyekuwa akisubiri abiria. Tukafungua mlango, tukavuta kishikio cha boneti, lakini buti hufunguka kwa stima, kwa hiyo mjomba akakaa siti ya mbele na kikapu cha samaki mapajani kama mtoto.

Dereva alikuwa na nyaya za kujampia na woga. "Hii ya stima si itanichoma?" Swali zuri. Nyaya za rangi ya machungwa zile nene ndizo za betri kubwa, hizo haziguswi na mtu yeyote asiyesomea. Betri ndogo ni salama kama ya Probox. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma kitupu cha gari, mbali kidogo na betri. Nikabonyeza, taa zikacheza, READY ikawaka, na hapo unaweza kuchomoa, maana betri kubwa imeshaanza kuijaza ndogo. Dakika nne kwa jumla. Nilimpa 500 na kipande cha halua. Kwa upande wa pili, usikubali mtu mwenye gari lililozimika aje achote kwako. Gari la umeme linapokea msaada huo, kuutoa ni hatari kwa mitambo yake.

Betri ile ndogo haikupona. Mpya ilinigharimu 11,500. Fundi mwingine, huyu anayeshughulika na magari ya umeme, alichukua 6,000 kuondoa kioo na kurudisha cha Kijapani, ambacho Alhamdulillahi nilikuwa nimekihifadhi chini ya kitanda. Aliniambia nimebahatika mara mbili: skrini nyingine za Kijapani zikikatiwa stima hujifunga zikataka namba ya siri, au zikikosa kadi ya ramani hazifanyi kazi hata ya redio. Mfanyakazi mwenzangu ana moja ya namna hiyo, mwaka wa pili sasa anaendesha na ukurasa mweusi wenye sentensi moja. Kioo cha Android nilikiuza 15,000. Hesabu ya ujinga wangu fanyeni wenyewe, na msisahau ndoo ya maua.

Skrini iliporudi, ilikuwa imesahau baadhi ya mambo, na ndipo nilipolia kwa kutopiga zile picha. Tukakaa na Salma Jumamosi, simu mkononi, ukurasa kwa ukurasa. Tukafika pale.

"Kiyoyozi kabla ya kupanda," nikamwambia. "Hii ni ya milimani, iache."

Akanitazama. "Mama. Kupanda gari."

Tukafungua ndani. Jumatatu hadi Ijumaa, alama tano. Saa ya kuondoka: 6:30. Joto: 25. Na chini yake, ruhusa ya kutumia betri hata kama gari halijachomekwa.

Mtu mmoja huko Japani alikuwa akitoka kwenda kazini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na wakati wa baridi alitaka akikaa, siti iwe na joto. Gari lilikuwa likianza mapema kidogo ili saa yake ikifika liwe tayari. Huko 6:30 asubuhi, hapa kwetu ni saa sita na nusu usiku. Wikendi hatoki. Gari liliuzwa, likapandishwa meli, likashushwa Mombasa, likaletwa Nairobi, na kila siku ya kazi bado lilikuwa likimwandalia bwana wake.

Nilikaa muda kabla ya kulizima. Kwenye kumbukumbu yake palikuwa pia na mahali palipoandikwa "nyumbani," na simu mbili zilizowahi kuunganishwa. Nikafuta vyote. Hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini sheria haiji kwenye dashibodi kukufutia majina. Ukiuza gari lako, futa simu, anwani na orodha ya waliokupigia kabla hujatoa ufunguo. Na ukinunua, fanya hivyo siku ya kwanza, kwa heshima ya mwenzio, na kwa sababu mipangilio yake ndiyo itakayoendesha gari lako usiku umelala.

Sasa kuhusu saa, niliyosema nitairudia. Jengo letu lina fyuzi dhaifu. Saa mbili usiku kila nyumba imewasha maji ya moto na pasi, nikichomeka gari tunalala gizani sote, kwa hiyo lazima nichaji watu wamelala. Mpangilio wa kuchaji ulikuwa ukinichanganya, nikawa naanza hesabu za kujumlisha sita, mpaka nikagundua sihitaji hesabu. Nataka lianze saa tano usiku, naandika 5:00. Nataka liache saa kumi na moja alfajiri, naandika 11:00. Usiku wetu wote, tangu jua kuchwa hadi kucha, kwake ni AM. Mchana wetu wote ni PM. Hata siku zinakubaliana: magharibi ikiingia Jumatatu, kwake Jumanne imeanza, kama bibi yangu alivyokuwa akihesabu usiku wa Jumanne.

Kwa anayekwenda yadi wiki hii: kaa kwenye siti, washa, mwambie muuzaji akuoneshe pa kubadilisha lugha. Asiseme itabadilishwa, akubadilishie. Tafuta stesheni unayoipenda. Weka gia ya nyuma uone kamera. Uliza kadi ya ramani iko wapi. Kama ni Kijapani kitupu, hilo si baya, mimi nimezoea na sitaki kingine, lakini ni sababu ya kupunguziwa bei, na ulijue kabla.

Juzi mzee wa lango aliingiza kichwa dirishani nikisubiri Salma ashuke. Tangu jini lizimwe amekuwa akilitazama gari kwa mapenzi, kama mgonjwa aliyepona mikononi mwake. Akaikodolea macho skrini, maandishi yale ya Kijapani yamejaa toka juu hadi chini, kisha akainua mkono wake akatazama saa yake, ile ya mshale aliyoigeuza kwa Kiswahili miaka mingi.

"Haya mengine sijui," akasema, "lakini saa yake iko sawa."